Kitanda cha Ubelgiji

Obedi alipouona ule mlima wa samani mbovu nyuma ya bohari, alivua kofia. Wapita njia wakadhani pana msiba. Hapakuwa na msiba wowote. Obedi ana tabia ya kuvua kofia kila anapokutana na kitu cha bure, na siku hiyo aliishika kifuani kwa mikono miwili.

Bohari lilikuwa la shirika moja la misaada ambalo jina lake nalijua, ila sina ugomvi nalo. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa, shirika lilifungasha, likaondoka na magari yake, kompyuta zake na wazungu wake, likaacha uani vitu ambavyo hata mchwa walikuwa wamevikinai: madawati ya shule yaliyovunjika miguu, kabati la ofisi lisilo na milango, mbao za kupangia magunia, na gurudumu kubwa la mti ambalo zamani lilizungushiwa nyaya. Mlinzi wa hapo, mzee Kasian, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tangi la maji akichambua maharage.

"Shikamoo mzee wangu," alisema Obedi.

"Marahaba. Mabati yalishaisha."

"Nani kasema mabati? Nimepita kukupa pole. Nasikia hizo mbao zina nyoka."

"Nyoka!" Mzee Kasian akaweka ungo chini. "Mwanangu, juzi katoka mmoja hapo, nikakimbia mpaka getini. Na lindo langu ndiyo hapo hapo!"

"Huo ni uonevu. Mtu mzima unalindishwa nyoka."

"Sasa nitafanyaje?"

"Nikikuondolea mbao, nyoka watakaa wapi?"

Vitu vile vilikuwa vimeshaamriwa vitupwe. Obedi angesema tu "naomba," angepewa, na asante juu. Lakini Obedi kuomba hajui. Hata maji ya kunywa humzunguka mtu mpaka ampe kwa kuhisi kwamba yeye ndiye aliyesaidiwa. Jioni ile aliondoka na samani zote, ameshiba maharage, na nauli ya mkokoteni katoa mzee Kasian mfukoni mwake mwenyewe.

Kama wewe ni mgeni Kibondo, Obedi humjui, na mshukuru Mungu wako. Ni kijana wa makamo, mrefu, shati limepigwa pasi hata kama tumbo halina kitu. Ndiye aliyewauzia watu viti vya mbele katika basi ambalo lilikuwa halijanunuliwa. Ndiye aliyemuuzia mwenye duka mmoja dawa ya kufukuza panya, na panya wakaja kutoka mitaa ya jirani kuionja. Ukimshika anakuomba radhi vizuri mpaka unajikuta unamnunulia soda.

Ila alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia utani. Alikuwa na binti, Loyce, mtoto wa darasa la kwanza, aliyekuwa akilelewa Kasulu na bibi yake mzaa mama, Bibi Veronica. Mke wa Obedi alifariki mtoto akiwa anatambaa, na tangu hapo Obedi alikuwa mtu wa kwenda Kasulu na biskuti na kurudi Kibondo amenyamaza. Alimtaka mwanawe. Alimtaka asubuhi akiamka na alimtaka zaidi jioni akifungua mlango wa nyumba isiyo na mtu. Kila akimwomba mama mkwe, jibu lilikuwa lile lile.

"Mtoto si kuku, Obedi, kwamba utamtia kwenye tenga. Nionyeshe chumba chake. Nionyeshe kitanda chake, kabati la nguo zake, na meza ya kuandikia. Nikiviona kwa macho yangu, nitakuachia, na nitashukuru."

Ndiyo maana aliivua kofia. Pale kwenye rundo la mbao aliona chumba cha Loyce, shule zikiwa karibu kufunguliwa.

Mtu wa kawaida angeishia hapo, akatengeneza kitanda, akamchukua mwanawe, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kichwa cha Obedi kina ugonjwa: hakiwezi kukipa kitu kimoja kazi moja tu. Kabla mkokoteni haujafika kwake alikuwa ameshajiuliza: Bibi Veronica akishakagua na kwenda zake, kitanda kitakuwa na kazi gani tena? Mtoto mdogo analala popote. Mkeka upo. Na mtoto akishaingia ndani, bibi atamtoa kwa nguvu gani?

Basi akaenda kwa Firdausi.

Firdausi alikuwa afisa katika ofisi fulani ya serikali, kapangiwa Kibondo akitokea Tanga, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Alikuwa mwanamke mcheshi, mkarimu wa chai, lakini akisikia neno "bei ya chini" masikio yanasimama. Wakati huo alikuwa na mateso yake: wifi yake wa Tanga, mwenye nyumba ya vigae, alikuwa anakuja kumtembelea, na kwenye kundi la simu la ukoo alikuwa ameshaandika, "Naja kuona mwanetu analala wapi huko porini."

"Dada Firdausi," Obedi alisema, akiwa amesimama barazani, hataki kukaa, "hili neno mimi sikuambii."

"Basi usiniambie. Karibu chai."

"Nakuambia kwa kuwa ni wewe." Akakaa. "Unamkumbuka yule Mbelgiji mkubwa wa shirika?"

"Simjui."

"Hakuwa mtu wa kutokatoka. Sasa huyo aliagiza seti ya chumba cha mtoto kutoka kwao Ubelgiji. Kitanda, kabati, meza. Mzigo umefika, mwenyewe kashaondoka! Mpishi wake ndiye anaulinda. Bibi wa watu kila akiuona analia."

"Masikini. Na mzigo umeandikwa popote?"

"Dada yangu, ungekuwa umeandikwa ningekuletea wewe?"

Hapo ndipo mtu mwema husimama akasema samahani nina wageni. Firdausi alivuta kiti karibu.

Obedi hakutaka fedha ya mbele. Macho yake yalikuwa kwenye sola ya Firdausi, kubwa, na betri yake, iliyokaa stoo bila kazi tangu nyumba ilipoingizwa umeme. Kwa sola ile angefungua kibanda cha kuchaji simu huko vijijini ambako nguzo hazijafika. Wakakubaliana: sola leo, kilichobaki siku ya kuchukua mzigo. Siku yenyewe iwe Jumamosi alasiri, kimya kimya.

"Na uje na kirikuu cha kukodi," alisema Obedi, akimaanisha vile vigari vidogo vya mizigo. "Na mtu yeyote akikuuliza, dada, wewe hununui. Sema umekuja kusaidia. Vitu vya shirika hivi, tukisikika, tumekwisha."

"Wallahi, mdomo wangu ni kaburi," alisema Firdausi.

Ikabaki kazi ndogo tu ya kuvitengeneza hivyo vitu vya Ubelgiji. Obedi alivisukuma mpaka kwa Wilondja, fundi seremala mzaliwa wa Kongo, aliyeoa Kibondo na kuweka karakana yake karibu na soko. Wilondja alilizunguka lile rundo akigongagonga kwa kidole.

"Papa Obedi, hii mbao iko mubaya," alisema. "Lakini haiyakufa bado."

"Nifufulie. Nitakulipa Jumapili."

Wilondja alicheka mpaka akashika meza. "Jumapili! Papa, miye Obedi wa Jumapili naye namujua. Sikia. Nikifanya miye, unalipa leo. Ukifanya weye, ni bure. Rabo ile pale. Msumeno ule pale. Mikono iko nayo?"

Obedi aliitazama ile rabo, yaani randa, kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Akajaribu kumsifia Wilondja. Akajaribu kumsikitikia. Akajaribu kumwambia kuna tenda kubwa ya madawati inakuja kutoka mkoani. Wilondja alikuwa tayari amegeuka, anapima mlango wa mtu.

Ndivyo Obedi alivyofanya kazi. Andikeni tarehe kwenye kuta zenu. Alipiga randa. Alipiga msasa mpaka vumbi likamwingia kwenye meno. Kila akidhani amemaliza, Wilondja alipitisha kiganja juu ya mbao na kusema, "Mtoto atachomwa hapa. Polisha tena." Akapiga tena. Madawati mawili yakaunganishwa yakawa kitanda, mbao za magunia zikawa chaga, gurudumu la nyaya likakatwa likawa meza ya duara ya kuandikia, na kabati la ofisi likapata milango. Malengelenge yalimtoka viganjani, yakapasuka, yakatoka mengine.

Na jambo la ajabu, ambalo mwenyewe hajalikubali mpaka leo, ni kwamba alianza kuwahi kuamka. Huyu mtu alikuwa haamki alfajiri ila kama anamkimbia mtu. Sasa alikuwa anafika karakana kabla ya mwenye karakana. Wilondja alimkuta siku moja kainama, anapitisha shavu lake juu ya ubao wa kitanda kuona kama kuna mahali panakwaruza.

"Sava, papa? Uko muzima?"

"Nilikuwa nanusa rangi," alisema Obedi.

Mwisho alipaka rangi ya bluu, na kwenye ubao wa kichwani akachora twiga, kwa sababu Loyce alimwambia anapenda twiga. Twiga alitoka mbuzi mwenye shingo ndefu na huzuni nyingi. Alimpiga picha, akamtumia Firdausi. "Huyu ni mnyama gani?" aliuliza Firdausi. Obedi akamjibu, "Wanapatikana Ubelgiji tu."

Jumamosi ikafika. Mpango ulikuwa umenyooka: Bibi Veronica afike asubuhi na mtoto, akague, afurahi, apande basi la kurudi Kasulu adhuhuri. Firdausi aje alasiri. Ili mambo yasichelewe, Obedi alifanya jambo moja la kijanja: alizilegeza mapema skrubu zote za kitanda, ziwe zimeshika kidogo tu, Firdausi akifika viungo viachane chap chap. Sola aliifunika kwa khanga nyuma ya mlango. Chumba, ambacho juzi tu mwenye nyumba alikuwa anafugia kuku, kilikuwa kimefagiwa na kupakwa chokaa, na kwa kweli kilipendeza. Obedi alisimama mlangoni akakitazama, akahisi uzito kifuani, akajiambia ni njaa.

Kosa alilolifanya, na yeye ni Muha wa kuzaliwa, ni kupanga saa bila kuhesabu salamu.

Bibi Veronica hakuja na mtoto tu. Alikuja na akina mama wenzake wa jumuiya kutoka Kasulu, wamevaa vitenge vya sare, maana jambo la mtoto linataka mashahidi. Na huku kwetu mama hasalimii kama anatupa mchele. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anasema "Mwakeye," anaitikiwa, anauliza watu wa nyumbani, anauliza watoto, ng'ombe, mahindi, mvua; akimaliza yeye, anaanza wa pili na ng'ombe wale wale. Majirani wa Obedi wakasikia makofi, wakatoka nao wachuchumae. Mwenye nyumba akaja. Salamu ziliposema zimekwisha, akatokea shangazi wa mwenye nyumba, na ikabidi zianze upya. Basi la adhuhuri lilipiga honi barabarani, likaondoka. Obedi alilisikia, akapiga makofi yake kwa adabu huku jasho linamshuka mgongoni.

Ndipo wakaingia chumbani.

Loyce alisimama katikati akiwa ameshika sketi yake. Alikwenda akagusa meza ya duara, akafungua mlango wa kabati, akaufunga, akaufungua. Akamtazama baba yake.

"Ni changu mimi peke yangu?"

"Chako wewe," alisema Obedi.

Mtoto alikimbia akajitupa kitandani. Kitanda kikalia kwaa, kikayumba kulia, kikafikiria kidogo, kikayumba kushoto. Akina mama wakashusha pumzi. Bibi Veronica, ambaye magoti yanamsumbua lakini macho hayajambo, aliinama akatazama mvunguni. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyofaa.

"Obedi."

"Naam, mama."

"Mbona skrubu zinaning'inia?"

"Mbao mpya hizo, mama. Zinaachiwa zipumue."

"Zinapumua."

"Siku za mwanzo tu."

Bibi Veronica aliketi kwenye ukingo wa kitanda kwa uangalifu, akamvuta Loyce mapajani, akaanza kutazama chumba upya, pole pole, kuta hadi mlango, hadi khanga iliyofunika kitu nyuma ya mlango. Na hapo hapo, nje, kirikuu kikapiga breki.

Firdausi aliingia akiwa amejifunika mtandio mpaka puani, kama mtu anayekwenda kununua gongo. Alipokuta chumba kimejaa akina mama, alisimama. Obedi alimrukia.

"Ni nani hawa?" alinong'ona Firdausi.

"Yule aliyekaa ndiye mpishi wa Mbelgiji," Obedi akamnong'oneza. "Wamekuja kuaga vitu. Tulia, wataondoka." Kisha akageuka, kwa sauti ya kanisani: "Mama, huyu ni afisa wa serikali, dada Firdausi. Anatembelea watoto majumbani, kuona kama wanalala vizuri."

Sijawahi kuona mtu akisimama katikati ya uongo wake mwenyewe namna ile, mmoja kulia, mmoja kushoto, na yeye anatabasamu kote kote. Kama angalau mmoja wa wale wanawake wawili angekaa kimya, nadhani angepita.

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi Veronica. "Umekuja kutazama?"

"Nimekuja... ndiyo, kutazama."

"Na kile kigari nje ni cha nini?"

Firdausi alimtazama Obedi. Obedi alitazama dari. Firdausi akakumbuka alivyofundwa: hununui, unasaidia.

"Nimekuja kusaidia," alisema. "Kubeba vitu. Nasaidia tu, bibi. Mimi sina changu hapa."

Bibi Veronica alirudia polepole, "Huna chako hapa." Akatazama skrubu. Akatazama kirikuu kupitia dirishani. Akamtazama mkwewe, ambaye wakati huo alikuwa amegeuka rangi ya chokaa. Uso wa yule mama ulifunguka, na kama ungekuwa hapo ungedhani ni furaha tupu.

Aliteremka kitandani akapiga magoti sakafuni, mbele ya Firdausi, magoti yale yale yanayomuuma. Akina mama wote wa jumuiya wakashuka naye, vitenge vikavuma. Na makofi yakaanza.

Ngoja nikueleze, kama wewe si wa huku. Kwetu shukrani haiishii mdomoni. Mtu akikupa kitu, unapiga magoti, unampigia makofi mbele za watu, unataja alichokupa. Na yeye akikujibu makofi, basi, imekwisha. Kitu kimetoka kwake, kimeingia kwako, na atakayekuja kukidai kesho mji mzima utamshangaa.

"Mwakoze!" alisema Bibi Veronica kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mwakoze, mwanangu wa serikali, kwa gari ulilomletea yatima huyu, la kumbebea kitanda chake, na kabati lake, na meza yake, mpaka kwa bibi yake Kasulu! Umesema huna chako hapa. Mungu akuone!"

"Mwakoze!" wakaitikia akina mama.

Sasa Firdausi alikuwa ameishi Kibondo muda wa kutosha kujifunza nusu ya adabu za huku. Alikuwa amefundishwa ofisini: akina mama wa Kiha wakikupigia makofi, usisimame kama mlingoti, wapigie na wewe, ndiyo heshima. Hakuna aliyemwambia makofi yana aina zake. Aliona magoti yote yale, akaona aibu, akachuchumaa akapiga makofi kwa moyo wote, na kwa kuwa ni mtu wa Tanga akaongezea na tabasamu.

Vigelegele vikapasuka. Dereva wa kirikuu akachungulia. "Kasulu?" alisema. "Mimi natoka huko, nikimaliza hapa nilikuwa narudi mtupu. Pakieni."

"Obedi!" Firdausi alimvuta shati. "Wanakwenda wapi na kitanda changu?"

"Sema ni chako," Obedi akamjibu kwa hasira ya kukata tamaa. "Sema hapa mbele za watu kwamba ulikuwa unanunua vitu vya shirika visivyoandikwa."

Firdausi akafungua mdomo, akaufunga. Mambo ya kaburi hayo.

Na Obedi, hebu mwone Obedi, alianza kupumua. Kichwa chake kilikuwa tayari kinahesabu: kitanda kimeokoka, kiko kwa mwanawe, sola iko nyuma ya mlango, Firdausi hawezi kudai. Ilibaki tu kumwambia mama mkwe kwamba hakuna haja ya kwenda Kasulu, chumba si hiki hapa? Akageuka aseme. Akamkuta Bibi Veronica keshapiga magoti tena, safari hii mbele yake yeye.

"Mama, usi..."

"Mwakoze, mkwe wangu," alisema Bibi Veronica, na makofi yakaanza, pa, pa, pa. "Mwakoze kwa kumpa mwanao kitanda alalie kwangu, mpaka hapo utakapokuwa tayari kumlaza kwako."

Obedi alijua. Usidhani hakujua, alijua kila kitu kinachotendeka, neno kwa neno. Alijua kwamba akiiweka mikono mfukoni, maneno yale hayana nguvu. Lakini alizaliwa Kibondo, akalelewa na mama aliyekuwa akimkanyaga mguu asipojibu salamu, na mbele yake mama mkwe amepiga magoti na mtaa mzima unatazama. Mikono yake ilipanda yenyewe. Aliitazama kama ya mtu mwingine, inakutana, pa, pa, pa. Akina mama wakapiga vigelegele, wakaanza kubeba kabati.

Bibi Veronica aliinuka kwa taabu, akamshika mkono, kana kwamba anataka kumuaga. Akakigeuza kiganja chake juu. Akayaona malengelenge, mapya na makavu, na rangi ya bluu kwenye kucha.

"Nani alikitengeneza?"

"Fundi," alisema Obedi. Alikuwa amechoka kiasi kwamba alisahau upi ulikuwa uongo.

"Mkono huu ni wa fundi." Aliufumba ule mkono ndani ya wake. Sauti yake haikuwa tena ya barabarani. "Wewe si mtu mbaya, Obedi. Ila ulikuwa unamlaza mwanangu kwenye kitanda kilichofunguliwa. Angeamka usiku mmoja akakuta hakipo, angejua nini juu yako? Tengeneza kingine. Skrubu uzikaze mpaka mwisho. Siku nikisikia zimekazwa, nitamleta mwenyewe, sitakuja na mashahidi."

Obedi alitaka kusema kitu kitamu, maana vitu vitamu anavyo vingi. Badala yake akaokota skrubu iliyodondoka sakafuni, akaitia mfukoni.

Loyce alikuwa amekwishapandishwa kwenye kirikuu, amekaa juu ya kitanda chake kilichogeuzwa miguu juu, akina mama wamemzunguka. Alimwinamia baba yake.

"Baba, kile kingine usichore twiga."

"Kwa nini, mama?"

"Huwezi. Chora kuku. Kuku utaweza."

Kirikuu kikaondoka kwa nyimbo. Obedi alisimama barabarani mpaka kikapotea, kisha akafuta uso kwa shati lake la pasi, na alilia, nasema waziwazi, kwa sababu mwenyewe akikusimulia atasema ni vumbi.

Aliporudi ndani, chumba kilikuwa kitupu, chokaa na mwangwi tu. Firdausi alikuwa ameifunua khanga, ameikumbatia sola yake, na betri ameikanyagia mguu asije mtu akaipigia makofi. Alikuwa amemwita bodaboda kwa simu.

"Mimi nimeshaibiwa Dar, nimeibiwa Korogwe stendi," alisema. "Lakini sijawahi kuibiwa na watu waliopiga magoti! Wifi yangu anakuja Jumatano. Nitamwonyesha nini, Obedi? Nitamwonyesha nini?"

Obedi alikuwa anapima ukuta kwa mikono, kutoka kona mpaka dirishani, midomo ikitembea.

"Dada Firdausi," alisema mwishowe, "huko ofisini kwenu hakuna madawati mabovu?"

Firdausi aliondoa mguu kwenye betri. Ungeweza kuyaona masikio yake yakisimama chini ya mtandio.

"Yapo," alisema. "Stoo imejaa, yametolewa orodhani, yanangoja kuchomwa. Nitakuombea kibali uyachukue yote. Lakini kitanda cha kwanza ni changu."

Huyu ni Obedi, jamani. Mtu ambaye hajawahi kumwambia mteja hapana. Kazi yake yote ni ndiyo, ndiyo, kesho, bila shaka. Aliondoa mikono ukutani, akamgeukia.

"Hapana, dada," alisema. "Cha kwanza kina mwenyewe."